Mshauri wa Matini katika Mchezo wa Wanafunzi: Mfano wa "Mabepari wa Venisi"

Kabla waigizaji wa chuo kikuu hawajapanda jukwaani, hapana budi awepo mtu wa kuichunguza matini, kuieleza historia yake na kumwuliza mwelekezi maswali magumu. Kazi hii, ambayo Lessing aliiandikia makala mashuhuri mjini Hamburg kati ya 1767 na 1769, inawafaa sana wanafunzi wa lugha.

Futuhi ya Shakespeare, The Merchant of Venice, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1600, inatoa mfano mzuri. Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Swali la kwanza limo katika anwani. Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio; Kiswahili kinataja wengi. Aidha, neno "bepari", lenye asili katika lugha za Bara Hindi, lilikuwa na maana ya mfanyabiashara kabla ya kupata maana yake ya kisiasa. Tafsiri ilitoka miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, wakati maana hii ya pili ilipokuwa ikivuma. Je, mabepari ni Antonio na Shylock, au ni Venisi nzima? Jibu ndilo litakaloamua mavazi, sauti, na nani achekwe.

Swali la pili ni zito zaidi. Shylock ni Myahudi. Uingereza iliwafukuza Wayahudi mwaka 1290. Venisi nayo iliwatenga katika mtaa wao tangu 1516. Kazi nyingi zilipigwa marufuku kwao, na kukopesha fedha kukawa miongoni mwa chache zilizosalia. Mwigizaji asiyeyafahamu haya atamfanya Shylock mroho mtupu. Katika Afrika Mashariki hatari huongezeka, kwa kuwa hadhira yaweza kumwona mwenye duka wa Kiasia katika nafasi hiyo. Baada ya Uganda kuwafukuza Waasia mwaka 1972, kicheko cha namna hiyo si mzaha.

Mshauri hana haja ya kuyafuta matusi yaliyomo. Inampasa kuonyesha kwamba matini yenyewe inampa Shylock hoja: Antonio alimtemea mate hadharani, kisha akaja kumkopa, na mbele ya mahakama Shylock anawakumbusha Wavenisi kuwa wao nao wananunua watumwa. Hadhira ya pwani haihitaji kufafanuliwa hoja hiyo. Hatimaye Shylock analazimishwa kubadili dini, kwa sharti la Antonio, na mara mchezo unarudi kwenye mzaha wa pete na ndoa. Mpito huo ndio mtihani wa mwelekezi. Mshauri akiwa ameifanya kazi yake mapema, hadhira itacheka katika sehemu ya tano, lakini itakuwa inajua imemwacha nani nje ya mlango.