Njaa Ndani ya Maji Maangavu

Wageni wanaoshuka Uvira kutoka Bukavu husifu maji kwanza. Wakifika bandari ya Kalundu siku isiyo na mvua, mbali kidogo na mahali mito inapomwaga tope, huona mawe ya chini waziwazi na kusema kwamba ziwa letu la Tanganyika ni safi. Ni safi kweli. Lakini mimi ni mwalimu wa biolojia niliyelelewa kwa pesa ya ndagala, dagaa wa ziwa hili, ambao mama aliwauza sokoni, na sifa hiyo hunitia wasiwasi. Maji yanayoruhusu macho kufika mbali namna hiyo yana mwani mchache, na mwani ukipungua ndagala naye hupungua.

Mwani ninaousema si ule wa pwani ya Zanzibar unaoanikwa juani. Huu ni mdogo mno, hauonekani bila hadubini. Wataalamu huuita fitoplanktoni. Kuna diatomu, zenye gamba la silika lililotobolewatobolewa kama kikapu kilichosukwa na fundi. Kuna mwani wa kijani. Kuna pia bakteria wa rangi ya buluu na kijani, ambao upepo ukishatulia, mnamo Oktoba na Novemba, mara nyingine hutanda juu ya maji huku kwetu kaskazini. Mwani hula mwanga wa jua pamoja na virutubisho: nitrojeni, fosforasi na, kwa diatomu, silika. Wadudu wadogo wa majini huula mwani, ndagala huwala wadudu hao, na samaki aitwaye mukeke humla ndagala. Wanaume wanaotoka usiku na katamara na taa zao, wakikwepa siku za mbalamwezi, na akina mama wanaowangoja alfajiri na mabeseni, wote wanaishi kwa mwani huo. Inakadiriwa kwamba samaki huwapa watu wa kando ya ziwa hili kati ya asilimia 25 na 40 ya protini yote ya wanyama wanayokula.

Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi. Mwani unapokufa, na wadudu na samaki wanapokufa, masalio yao huzama na virutubisho vyake. Huku kaskazini, ukishapita takriban mita 100 kwenda chini, hakuna oksijeni tena. Kusini ni kama mita 200. Huko gizani ndiko ghala ya ziwa ilipo. Juu kuna mwanga na hakuna chakula, chini kuna chakula na hakuna mwanga. Kinachovikutanisha ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuja upande wetu wa Uvira na Bujumbura, na kule Mpulungu, Zambia, maji ya kilindini hupanda kujaza pengo. Upepo ukilegea, maji hurudi, na ziwa zima huyumba polepole kwa majuma mengi, kwenda na kurudi, hata maji ya chini yakasogea juu huku kwetu pia. Baba yangu mdogo, aliyevua hapa, hakuwahi kusikia habari za fitoplanktoni, lakini aliungoja upepo wa kiangazi kama mkulima wa Fizi anavyoingoja mvua.

Sasa ongezeko la joto la dunia limeingia kati. Maji yenye joto ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi na kukataa kuchanganyika nayo. Darasani nawaonyesha wanafunzi kwa glasi moja, maji baridi na maji ya moto yenye rangi: rangi inabaki juu. Halafu nawaambia kwamba juu ya ziwa kuna nyuzi kama 26 na chini kabisa kama 23, nao hushangaa tofauti ndogo hivyo inawezaje kuzuia kitu. Jibu lake si watu wengi wanaolijua. Katika maji yenye joto kama ya kwetu, nyuzi moja hubadilisha uzito wa maji zaidi ya mara 20 kuliko nyuzi hiyo hiyo katika maji baridi ya nyuzi 4 hadi 5. Kwa hiyo ongezeko dogo la joto, ambalo muogaji hawezi hata kulihisi, linatosha kuufanya upepo ushindwe kazi yake.

Hilo lilipimwa. Mwaka 2003 yalitoka maandishi mawili makubwa, moja la Catherine O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature, jingine la Piet Verburg, Robert Hecky na Hedy Kling katika Science. Waliweza kulinganisha na vipimo vya zamani, vikiwemo vya Mbelgiji Louis Stappers vya mwaka 1913. Ndiye ambaye jina lake limo katika jina la kisayansi la mukeke, Lates stappersii. Walikuta ziwa limepata joto, linachanganyika kidogo kuliko zamani, na mwani umepungua. Kundi la O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia kama 20, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia kama 30. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake, wakisoma tope la chini ya ziwa, walionyesha kwamba joto la karne iliyopita halina mfano katika miaka 1,500.

Wako wataalamu waliopinga. Walisema samaki wamemalizwa na nyavu, na kwamba ni mapema kulaumu tabianchi. Hoja hiyo ina uzito, na yeyote aliyeona kokoro likivutwa ufukweni na watoto wa samaki wa ukubwa wa kucha ndani yake hawezi kuidharau. Lakini mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walihesabu masalio ya samaki na diatomu katika tope hilo la chini, wakakuta upungufu ulianza kabla ya meli za uvuvi wa kibiashara za miaka ya 1950, zile za Wagiriki wa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Kwangu mimi ushahidi huo unatosha. Nyavu zimelidhuru ziwa lililokwisha kuanza kukosa chakula.

Katika bahari za ncha za dunia joto hilo hilo lina sura nyingine. Kule mara nyingi kinachokosekana ni mwanga, kwa sababu barafu hufunika maji. Katika bahari ya Aktiki barafu imerudi nyuma, jua likaingia, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani uliongezeka kwa asilimia 57 kati ya 1998 na 2018. Msomaji asifikiri kwamba ni neema tupu. Kaskazini mwa Kanada, maji matamu ya barafu iliyoyeyuka hukaa juu ya maji ya chumvi na kuzuia kuchanganyika kama joto linavyofanya kwetu, na tangu 2009 imejulikana kwamba huko mwani mkubwa unapungua na ule mdogo kabisa unachukua nafasi. Mwani mdogo hivyo huliwa na vijidudu vidogo zaidi kwanza, na kila hatua inayoongezeka njiani humpunguzia samaki fungu lake.

Maji yaliyopanda tangu 2020 na kufunika nyumba na bandari ya Kalundu hayabadilishi hesabu hii. Ziwa lililojaa si ziwa lililoshiba. Mvua haiwezi kuinua virutubisho vya kilindini.

Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ndani ya msimu wenyewe wa upepo, na mimi naunga mkono mapumziko ya namna hiyo katika nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Samaki apewe nafasi ya kuzaa wakati chakula kipo. Ila mapumziko hayo peke yake hayatarudisha mwani, na tukiyategemea tu tutaishia kuwalaumu wavuvi kwa kosa lililofanyika mbali nao, kwenye moshi wa viwanda na magari ya nchi ambazo hazijawahi kuonja ndagala. Hapa Uvira tunacho kituo cha utafiti wa maji, CRH. Naiomba serikali yetu, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura, wahakikishe kwamba kila mwezi boti inatoka na mafuta yapo, joto linapimwa kutoka juu mpaka kilindini, na mwani unahesabiwa kwa uangalifu ule ule tunaohesabia mitumbwi. Na ninyi mnaovuta kokoro kwenye mazalia, nawasihi muache mwaka huu.