Futari ya Dubai na Kazi ya Vimeng'enya

Vimeng'enya vya chakula ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kuvunjavunja mlo uwe chembe ndogo, zinazoweza kupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Kila kimoja kina kitu chake: cha wanga hakigusi nyama, na cha nyama hakigusi samli. Kikishavunja chembe moja huhamia nyingine bila chenyewe kupungua, ndiyo maana kiasi kidogo hutosha kwa mlo mzima.

Mlo unaodhihirisha haya vizuri ni futari ya Dubai. Adhana ya magharibi ikisikika, watu hufungua kwa tende na maji au laban, yaani maziwa yaliyogandishwa. Baadaye huja harisi: ngano na nyama iliyopikwa kwa saa nyingi, ikapondwa hadi ikashikana, kisha ikamiminiwa samli. Mtu wa Zanzibar au Mombasa anayefanya kazi Deira, mtaa wa Dubai, haioni ngeni, kwani kwao ni bokoboko. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kupika harisi katika orodha yake ya urithi wa utamaduni, kwa maombi ya pamoja ya Umoja wa Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia.

Tende huupa mwili kazi ndogo kuliko vyote. Inapoiva mtini, kimeng'enya chake yenyewe, invatesi, huigeuza sukari yake kuwa glukosi na fruktosi. Hizo ni sukari sahili zisizohitaji kuvunjwa tena, hivyo aliyeshinda na njaa hupata nguvu upesi.

Harisi ina kazi zaidi. Mate yana amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga. Ndicho kinachofanya mkate uliotafunwa kwa muda mrefu uanze kuwa mtamu mdomoni. Lakini harisi ni laini na humezwa haraka, kwa hiyo amilesi huendelea na kazi ndani ya tonge lililokwisha kufika tumboni, mpaka asidi ilifikie na kuisimamisha. Asidi hiyo hiyo ndiyo inayoamsha pepsini, kimeng'enya kinachoanza kukata protini za nyama. Kuta za tumbo huitoa pepsini ikiwa bado imelala, na ni jambo la kushangaza kweli: kama ingezalishwa ikiwa kali, ingezila seli zilizoitengeneza.

Kazi kubwa hufanyika kwenye utumbo mwembamba. Kongosho humimina maji yanayoipooza asidi, pamoja na amilesi nyingine, tripsini ya protini na lipesi ya mafuta. Nyongo kutoka kwenye ini si kimeng'enya. Huitawanya samli kuwa matone madogo ili lipesi ipate pa kushika. Vimeng'enya vilivyojipanga kwenye ukuta wa utumbo humalizia: wanga huwa glukosi, na nyama huwa asidi za amino.

Ni kwenye maziwa ambapo watu wanatofautiana. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na laktesi. Mtoto mchanga anayo tele, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Wafugaji ni tofauti. Mwaka 2007 timu ya mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliofanywa Tanzania, Kenya na Sudan, ulioonyesha kwamba jamii nyingi za wafugaji zina mabadiliko ya kijenetiki yanayoiendeleza laktesi hadi utu uzima. Mabadiliko hayo si yale ya Wazungu, na Waarabu wa jangwani, wanywaji wa maziwa ya ngamia tangu kale, wana ya kwao. Watu wa mabara tofauti walifika mahali pamoja kwa njia tofauti, kwa sababu ya mifugo.

Asiye na laktesi ya kutosha akinywa gilasi ya maziwa, laktosi huteremka nzima hadi utumbo mpana. Bakteria huichachusha, gesi hujaa, tumbo huunguruma na mara nyingine huharisha. Huo si uchafu wa maziwa wala si ugonjwa wa kuambukiza. Kubadili na kunywa ya ngamia hakuiondoi laktosi, kwani nayo yana kiasi kinachokaribiana na cha ng'ombe. Laban humfaa zaidi, kwa kuwa bakteria walioigandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi na kuifanya asidi, ile inayoipa uchachu wake. Maziwa mgando ya Afrika Mashariki hufanya vivyo hivyo.

Hubaki nyuzinyuzi za ngano na za tende. Binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Huzikuta bakteria wa utumbo mpana, wakatumia kiasi fulani, na zilizosalia hutoka kama choo, zikikilainisha njiani.