Vitshumbi: kabla mashine ya kukata vichaka kuguswa na majani, kuna kazi ya kufanya

Zamani Vitshumbi haikuhitaji mashine ya kukata majani. Kazi hiyo ilifanywa na viboko. Kila usiku walitoka katika Ziwa Edouard, wakala majani ya ufuko na ya uwanda, na asubuhi walirudi majini wakiacha nyuma yao ardhi iliyonyolewa kama kiwanja cha mpira. Katika miaka ya 1970 Mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 30 000. Vita na ujangili viliwamaliza, na katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1 000. Tembo nao walipungua sana, ingawa mwaka 2020 kundi la tembo 580 hivi lilivuka kutoka Uganda na kuingia upande wa Kongo. Pale wanyama hawa walipopungua, majani marefu na vichaka vilichukua nafasi yao.

Kwa wakaaji wa Vitshumbi jambo hili haliko la wataalamu wa wanyama peke yao. Kijiji hiki cha wavuvi, katika mtaa wa Rutshuru, jimbo la Kivu Kaskazini, ni kimoja kati ya vijiji vitatu vya uvuvi vinavyoruhusiwa kando ya ziwa ndani ya mbuga, pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma. Mbuga iliundwa mwaka 1925, na kulima ndani yake ni marufuku. Kwa hiyo muhogo, maharagi, sabuni na dawa vinatoka inje, kwa pirogi ao kwa barabara inayounganisha kijiji na Rwindi, kwenye barabara ya kitaifa nambari 2. Kwa barabara hiyo hiyo mama wauzaji wanapeleka samaki Kanyabayonga, Kiwanja na hata Goma.

Majani yakifunga pembeni ya barabara, kila mtu analipa. Mtu wa pikipiki hamuone nyati mpaka amemfikia. Dereva wa gari la samaki haone kona. Na kwenye sehemu ya Kiwanja hadi Kanyabayonga, ambako kwa miaka mingi watu walitekwa nyara na magari yalipashwa kusafiri kwa msafara wenye ulinzi, kichaka kirefu ni maficho ya mwenye bunduki.

Dawa ya kawaida ni panga, jembe na salongo. Inafanya kazi, lakini kwa kilomita nyingi za uwanda inachukua siku nyingi, na majani yanarudi na mvua ya kwanza. Ndiyo sababu mashine ya kukata vichaka inayofungwa nyuma ya trekta, ile inayoitwa gyrobroyeur kwa Kifaransa, inavutia watu wa barabara. Lakini mashine hiyo, ikifungwa vibaya, inaweza kuvunjika siku ya kwanza. Mbaya zaidi, inaweza kuua.

Kwanza ardhi, kiisha mashine

Kazi haianzi kwa trekta. Inaanza kwa ruhusa. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira inalinda mbuga za kitaifa, na ICCN ndiyo taasisi ya serikali yenye kuzisimamia. Kukata pembeni ya barabara iliyopo ni kazi ya usalama wa wasafiri. Kuingiza trekta ndani ya uwanda ni jambo lingine, na kunaweza kuonekana kama kufungua shamba. Mpaka wa kazi unapashwa kuandikwa mbele: kutoka wapi mpaka wapi, na mita ngapi kila upande.

Jambo la pili ni mabomu. Mwezi wa Machi 2024 waasi wa M23 walichukua Rwindi na Vitshumbi, na mwishoni mwa Juni mwaka huo Kanyabayonga. Pale palipopiganwa kwa silaha nzito, mabomu yasiyolipuka yanaweza kubaki ndani ya majani. Kisu cha mashine kikiligusa bomu, ao gurudumu la trekta likilikanyaga, hakuna ufundi wa kumuokoa dereva. Mtu wa panga naye yuko katika hatari hiyo hiyo. Ikiwa sehemu inajulikana kuwa ilipiganiwa, trekta lisiingie mpaka watu wenye kazi ya kutegua mabomu wahakikishe. Mwenye kuona chuma cha ajabu asikiguse wala asikitupie jiwe: arudi kwa njia aliyopitia, aweke alama mbali nacho na awaonye wengine.

Kiisha hapo ndipo watu wanatembea kwa miguu kwenye sehemu iliyohakikishwa, asubuhi, wanyama wakiisha kurudi, ili kuondoa mawe, waya na vyuma vya magari, na kuweka alama kwenye vichuguu, visiki na mashimo.

Kufunga nyuma ya trekta

Mashine yenyewe ni rahisi kuielewa. Ni sahani kubwa ya chuma, na chini yake visu viwili ao zaidi vinavyozunguka kama pangaboi. Nguvu inatoka kwenye ekseli ya nyuma ya trekta, inapita ndani ya kardani, inafika kwenye sanduku la gia na kuzungusha visu. Mashine nyingi za aina hii zinatengenezwa kwa ekseli inayozunguka mara 540 kwa dakika, ni kusema mara tisa kwa sekunde. Ncha ya kisu inaweza kupita kilomita 200 kwa saa.

Trekta lazima liwe na uwezo wa kuibeba. Kwa mashine yenye upana wa mita moja na nusu, trekta la nguvu-farasi 30 hadi 40 linaweza kutosha kwa majani na vichaka vyepesi. Mashine ikiinuliwa, uzito wote unavuta nyuma na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Angalau sehemu moja ya tano ya uzito wa trekta inapashwa kubaki mbele. Kama haitoshi, wanaongeza vyuma vya uzito mbele, kwa sababu dereva ambaye magurudumu yake ya mbele hayakamate ardhi hawezi kukata kona.

Fundi anafunga kwanza mkono wa chini wa kushoto, kiisha wa kulia, ambao mara nyingi ndio wenye kurekebishwa urefu, na mwisho mkono wa juu. Kila pini inapata kifungio chake. Minyororo ya pembeni inakazwa ili mashine isiyumbe na kugonga magurudumu.

Kardani ndiyo inayoharibu mashine nyingi. Ni bomba mbili, moja ndani ya nyingine, zinazorefuka na kufupika mashine ikipanda na kushuka. Ikiwa ndefu kupita kiasi, inajisukuma mpaka mwisho na kupasua sanduku la gia. Ikiwa fupi, inachomoka ikizunguka. Fundi anainua na kushusha mashine polepole, injini ikiendesha mikono peke yake na kardani ikiwa haizunguke, anatafuta pale ambapo kardani ni fupi zaidi, anazima injini na kupima. Hapo inapashwa kubaki nafasi ya sentimita mbili ao tatu. Pale ambapo ni ndefu zaidi, bomba zinapashwa bado kuingiliana kwa sehemu moja ya tatu ya urefu wao. Ikiwa lazima kukata, anakata bomba zote mbili na vifuniko vyake vya plastiki kwa kipimo kimoja, anapiga tupa na kuweka grisi. Vifuniko hivyo haviondolewe kamwe. Kitenge ao shati pana likikamatwa na kardani, hakuna muda wa kuita.

Trekta nyingi za zamani zenye ambreyaji ya hatua moja zina mtego mwingine. Dereva akikanyaga ambreyaji, uzito wa visu vinavyoendelea kuzunguka unaweza kusukuma trekta mbele. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa kati ya trekta na kardani ili visu vizunguke peke yao bila kusukuma. Bila hicho, trekta linaweza kuendelea kutembea hata mguu ukiwa kwenye ambreyaji.

Usawa, urefu na visu

Mashine ikiisha kufungwa, inakuja kazi ya kuirekebisha. Trekta linawekwa mahali pa sawasawa, upepo wa magurudumu ukiwa sawa kushoto na kulia. Mashine inawekwa juu ya vigogo imara, injini inazimwa na ufunguo unatolewa. Hakuna mtu anayeingiza mkono chini ya mashine iliyoshikwa na mikono ya trekta peke yake.

Fundi anapima kutoka chini mpaka kwenye ukingo wa kushoto, halafu wa kulia, na kurekebisha mkono wa kulia mpaka vipimo vilingane. Kiisha anapima mbele na nyuma. Kwa kazi ya kawaida, mbele inapashwa kuwa chini kuliko nyuma kwa sentimita moja ao mbili. Hivyo kisu kinakata kikiwa mbele, na kikizunguka nyuma kinapita juu ya kilichokatwa. Nyuma ikiwa chini, majani yanakatwa mara nyingi na kusagwa vizuri, lakini injini inachoka na mazutu inaisha mbio.

Urefu wa nyuma unashikiliwa na gurudumu dogo la mkia. Mkono wa juu usikazwe kabisa. Uachwe na nafasi kidogo, ili mkia upande na kushuka juu ya vichuguu bila kuinua mashine yote. Kwenye ardhi isiyojulikana, wanaanza kwa sentimita 20, kiisha wanashusha. Kisu kinachokwangua udongo kinakuwa butu na kurusha mawe.

Visu vinabadilishwa vyote pamoja, vya uzito sawa, na makali yatangulie upande visu vinakozungukia. Havinolewe kama wembe. Unene wa milimita moja na nusu unaachwa kwenye makali, kwa sababu kisu chembamba kinavunjika kwenye kisiki. Mashine ikitetemeka, wanazima mara moja. Mara nyingi kisu kimepinda ao bulo imelegea.

Sanduku la gia linawekwa mafuta ya gia mpaka kwenye tundu la kipimo. Mafuta ya injini hayafae hapo. Mwishowe kuna bulo ya usalama, iliyotengenezwa ili ikatike kisu kikigonga kisiki. Ikikatika, inawekwa nyingine ya aina ile ile. Mwenye kuweka bulo ngumu ili isikatike tena ameokoa pesa ya bulo na kupoteza sanduku la gia. Mashine zingine zina sahani za msuguano pahali pa bulo. Zikikaa miezi mingi bila kazi zinashikana kwa kutu, na zinapashwa kufunguliwa na kukazwa upya kabla ya kazi.

Siku ya kazi

Dereva anawasha mzunguko injini ikiwa chini, kiisha anapandisha polepole mpaka 540. Anakwenda mwendo wa mtu anayetembea, ao zaidi kidogo. Kila mashine ina kipimo cha mti inaoweza kukata. Ile nyepesi inaishia kwenye fimbo ya sentimita mbili na nusu, na mti wa mgunga wenye unene wa mkono wa mtu unaachiwa panga na shoka.

Jiwe linalorushwa linaweza kufika mita 100. Minyororo ya kuzuia inayoninginia mbele na nyuma ya mashine inapashwa kuwa kamili, na barabara inafungwa pande zote mbili mashine ikifanya kazi. Watoto, ambao trekta linawavuta kama arusi, wanabaki mbali. Akitaka kushuka, dereva anazima, anatoa ufunguo na kungoja visu visimame kabisa.

Wakati wa kukata nao una maana. Kukata mwisho wa mvua, majani yakiwa bado mabichi, kunapunguza moto wa kiangazi. Kukata majani makavu, kisu kikigonga jiwe, kunaweza kuuwasha. Mashine inayotoka inje inasafishwa kabla ya kuingia mbugani, ili isilete mbegu za majani ya kigeni.

Kwa kamati ya kijiji ao shirika linalotaka kukodi mashine kama hiyo, maswali ya kumuuliza mwenye trekta yako wazi. Kardani ina vifuniko? Minyororo ya mbele na ya nyuma ni kamili? Bulo ya usalama ni ya aina gani? Nani alihakikisha ardhi? Nani atafunga barabara? Mwenye kushindwa kujibu moja kati ya hayo arudishe trekta lake, hata ikiwa bei yake ni ndogo.

Mashine haiwezi kumfukuza mwenye bunduki. Barabara ya Vitshumbi itahitaji amani kabla ya kuhitaji visu. Lakini mita chache zilizokatwa vizuri kila upande zinampa dereva wa gari la samaki nafasi ya kuona kiboko, mtoto ao mtu aliyejificha, na kukanyaga breki mapema.