Je, Wajua? Kutu Hurudi Kupitia Mgongo wa Bati

Je, wajua kwamba gari lililopigwa puti juu ya kutu na kupakwa rangi ya kung'aa linaweza kuanza kutoa malengelenge kabla mwaka haujaisha? Puti hunyonya unyevu isipofunikwa vizuri, na nyuma yake kutu huendelea kula chuma kimyakimya. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kati ya mara mbili na sita, hivyo kila inapoongezeka huisukuma rangi kutoka chini. Lengelenge dogo juu ya tairi la nyuma mara nyingi huwa na tundu kubwa nyuma yake. Na bati lenyewe ni jembamba: kwenye gari la kawaida bati la nje lina unene wa takriban milimita 0.7 hadi 0.8, na kila mara grenda inapopita linapungua.

Lakini fundi aliyesugua hadi chuma kikang'aa, mbona naye kutu humrudia? Jibu ni chumvi. Kutu huchimba vishimo vidogo kwenye chuma, na ndani ya vishimo hivyo hujificha kloridi ambayo msasa hauifikii na maji ya bomba hayaing'oi. Wahifadhi wa vitu vya kale wanalijua tatizo hili vizuri sana. Nyambizi ya H. L. Hunley, iliyozama karibu na Charleston, Marekani, mwaka 1864, iliopolewa mwaka 2000, na mwaka 2014 ikaanza kulowekwa kwenye maji yenye sodiamu hidroksidi ili chumvi itoke taratibu ndani ya chuma. Kazi hiyo ni ya miaka, wala si ya wiki. Gari haliwezi kulowekwa hivyo, kwa hiyo sehemu iliyochimbika sana haitibiki kwa kusuguliwa. Inakatwa.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu magari yetu mengi ya mitumba yanatoka Japani na Uingereza. Uingereza na kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hujipenyeza kwenye maungio ya bati chini ya gari. Kule kwenye baridi kali kutu hutembea polepole. Gari likishushwa Mombasa au Dar es Salaam, joto linaharakisha kazi ile ile. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika kama asilimia 75, na usiku mwingi wa pwani huvuka kiwango hicho. Kwa hiyo gari linaweza kulala barazani bila mvua hata tone, na bado likaliwa. Mtu akinunua gari la aina hii, kazi ya kwanza iwe kuliosha chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi, kabla hata ya kufikiria redio au viti.

Je, wajua kwamba kuchomelea kwenyewe hupanda mbegu ya kutu mpya? Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Hivyo popote moto wa kuchomelea unapopita, zinki ya kiwandani inageuka mvuke na rangi ya upande wa pili inaungua. Mbele fundi atapaka praima na rangi, lakini mgongo wa kiraka unabaki chuma kitupu, tena ndani ya boksi lililo chini ya milango ambako mkono hauingii. Hapo ndipo umri wa matengenezo unapoamuliwa. Kiraka kizuri kisichopuliziwa nta ya kuzuia kutu kwa ndani kitaoza kabla ya kiraka cha kawaida kilichopuliziwa.

Zinki ina thamani kiasi hicho kwa sababu hujitoa mhanga: inaliwa yenyewe kwanza na kukiacha chuma kilicho jirani, hata palipokwaruzwa. Ndiyo inayolinda mabati ya paa. Porsche walianza kutumia mabati yaliyochovywa zinki kwenye 911 za modeli ya mwaka 1976. Leo watengenezaji kadhaa hutoa dhamana ya miaka 12 dhidi ya kutu inayotoboa bati kutoka ndani. Sijaona gereji ya mtaani inayothubutu kuahidi hivyo kwa kiraka, na sioni sababu ya kuilaumu.

Basi tutarajie nini? Makadirio yangu ni haya. Puti juu ya kutu: miezi, labda mwaka. Kutu ya juujuu iliyosuguliwa hadi chuma, ikapata praima ya epoksi na rangi: miaka mitatu hadi mitano, zaidi kidogo bara kuliko pwani. Bati lililokatwa hadi kwenye chuma kizima, likachomelewa jipya, maungio yakazibwa na nta ikapulizwa ndani: miaka kumi inawezekana, mradi nta irudiwe kila baada ya miaka michache.

Chasi ni habari nyingine. Mwaka 2008 Toyota walirefusha dhamana ya kutu ya chasi za pikapu zao za Tacoma za 1995 hadi 2000 huko Marekani hadi miaka 15, na magari yaliyooza kupita kiasi waliyanunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Uingereza nayo, ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT huangalia kwa ukali kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu zinazoshikilia mikanda ya usalama au mfumo wa springi. Pale puti haikubaliki.

Dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi ina nafasi yake, ila kwa kutu nyembamba iliyoshikamana. Ile inayobanduka magamba lazima iondolewe. Nyingi kati ya dawa hizo hutumia tanini, kemikali iliyojaa pia kwenye magome ya mikoko, ambayo zamani yalisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kusindika ngozi ng'ambo.

Ukienda kununua gari, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na uipitishe juu ya madigadi na chini ya milango. Ikikataa kunata, chini yake kuna puti nene. Chunguza pia vitundu vya kutolea maji chini ya milango, kwani vikizibwa na tope maji hukaa ndani na kuoza huanzia hapo. Na ukipeleka gari kwa fundi wa bodi, mwombe akuite uone chuma kabla hajapaka praima, kisha akuonyeshe tundu atakalopitishia nta.