MAKAA YA MAWE: YALIVYOTOKEA NA KWA NINI HAYALINGANI UBORA

Mtu asikiapo neno "makaa" hufikiri kwanza makaa ya miti, yale yauzwayo kwa gunia. Makaa ya mawe nayo asili yake ni mimea, ingawa huchimbwa ardhini kama mawe. Chama kinachokusudia kuyanunua kwa ajili ya tanuri la matofali au la chokaa chapaswa kujua jinsi yalivyotokea, kwa kuwa historia hiyo ndiyo inayoamua kama fedha za wanachama zitanunua moto au zitanunua udongo.

Mimea iliyozama kabla ya kuoza

Mmea hujijenga kwa nuru ya jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Nguvu ya jua hubaki imefungwa katika shina na majani. Mmea ufapo katika ardhi kavu, kuvu na vijidudu huuozesha kwa msaada wa oksijeni, na karibu kaboni yake yote hurudi hewani. Katika kinamasi mambo huwa mengine. Maji yaliyotuama yana upungufu wa oksijeni, kwa hiyo majani na magogo yaangukayo humo huoza nusu tu. Hurundikana pengine milimita 1 kwa mwaka, hata likatokea tabaka jeusi na laini liitwalo piti. Hatua hiyo yaonekana hata leo. Huko Rwanda na Burundi, piti ya mabonde yenye vinamasi huchimbwa, hukaushwa na kutumiwa kama kuni.

Mchoma makaa wa kijijini hufuata kanuni iyo hiyo anapofunika magogo kwa majani na udongo ili hewa isiyateketeze. Yeye hutumia moto kwa siku chache. Ardhi ilitumia maji, uzito na mamilioni ya miaka.

Uzito, joto na muda

Piti haiwi makaa ya mawe mpaka ardhi ya mahali hapo ididimie polepole, nayo mito ilete mchanga na matope, tabaka juu ya tabaka. Uzito huo huikamua maji. Aidha, katika sehemu nyingi joto la ardhini huongezeka nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita 1 ya kina. Joto hilo hufukuza unyevu na gesi, na sehemu ya kaboni ikazidi kuwa kubwa. Mita kadhaa za piti huishia kuwa mita 1 tu ya makaa.

Daraja hupatikana kwa njia hiyo. Lignaiti ni ya kahawia na ina maji mengi. Baada yake huja makaa meusi yaitwayo bituminasi. Ya mwisho ni anthrasaiti, ngumu na yenye kung'aa, ambayo ukiondoa maji na majivu, kaboni yake hupita asilimia 90.

Makaa ya kusini mwa Tanzania

Makaa mengi ya Uingereza na ya mashariki mwa Marekani yalianzia katika vinamasi vya joto karibu na Ikweta, kati ya miaka milioni 359 na milioni 299 iliyopita. Yale ya Mchuchuma wilayani Ludewa, ya Ngaka wilayani Mbinga, na ya Songwe-Kiwira karibu na mpaka wa Malawi ni ya kipindi kilichofuata, kiitwacho Pemi, kilichokoma miaka milioni 252 iliyopita. Zama hizo Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika zilikuwa sehemu za bara moja, Gondwana, nayo ardhi ya Tanzania ilikuwa mbali zaidi kusini kuliko ilivyo leo. Barafu kuu ilipoyeyuka, mabonde yalijaa vinamasi, na humo ikastawi miti ya Glosopterisi, yenye majani ya umbo la ulimi. Alama za majani hayo zimo pia katika miamba ya India na Australia. Mwaka 1912 mawe yenye alama hizo yalikutwa pamoja na miili ya Robert Scott na wenzake, waliofia katika barafu ya Antaktika.

Mito ya zama hizo ilifurika mara kwa mara na kumwaga matope katika vinamasi. Matope hayo hayaungui, nayo ndiyo majivu yabakiayo katika tanuri. Kwa sababu hiyo makaa mengi ya Gondwana yana majivu kuliko ya Ulaya, na hata tabaka mbili za mgodi mmoja zaweza kutofautiana sana.

Yampasayo katibu kuzingatia

Mathalani, tani 1 yenye majivu asilimia 25 na maji asilimia 8 ina kilo 330 zisizoungua. Chama hulipia kilo hizo mgodini, kisha huzilipia tena nauli ya lori. Basi kabla ya kutia sahihi mkataba, katibu adai cheti cha maabara chenye kuonyesha majivu, unyevu, salfa na kiasi cha joto, na kamati ilinganishe bei kwa joto litakalopatikana, si kwa tani peke yake. Makaa yasirundikwe katika chungu kubwa kwa muda mrefu, maana huweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Wala yasichomwe katika chumba kilichofungwa, kwani gesi yake ya kabonimonoksaidi huua bila kutoa harufu.

Hatimaye wanachama wafahamu kwamba akiba hii iliwekwa mara moja. Kaboni iliyofungiwa ardhini kwa zaidi ya miaka milioni 250 hurudi hewani kwa saa chache tanurini, ikazidisha joto la dunia na kuvuruga majira ya mvua ambayo mkulima huyategemea. Hasara hiyo haimo katika ankara ya mgodi, lakini yafaa ikumbukwe mkutano mkuu unapojadili ununuzi.