Fangasi Anayevua Beji

Geuza jani la mharage lililoshikwa na ugonjwa wa chule, utazame upande wa chini. Mishipa yake imekuwa myekundu, na mingine imeshageuka myeusi. Kwenye ganda utaona madoa ya mviringo yaliyobonyea, yenye kingo nyeusi, na kukiwa na unyevunyevu katikati ya doa hutoka ute wa rangi ya waridi. Ute huo ni spora za fangasi aitwaye Colletotrichum lindemuthianum, zinazosubiri tone la mvua lizirushe kwenye mmea wa jirani. Miinuko ya Mbozi na Ileje mkoani Songwe, kwa mvua na ubaridi wake, inamfaa sana. Hujificha pia ndani ya mbegu mpaka msimu ujao, ndiyo maana mkulima makini huchambua mbegu na kutupa zenye madoa kabla ya kupanda.

Anaingiaje ndani ya jani bila kupigiwa yowe? Ukuta wa seli za fangasi una kaitini, ile ile iliyomo kwenye maganda ya kamba na mabawa ya kumbikumbi. Mmea wenyewe hauna kaitini hata chembe. Mharage ukikutana nayo unatambua kwamba mvamizi amefika: hutoa vimeng'enya vya kuikatakata, vipande vyake hunaswa na vipokezi vilivyo juu ya seli, na ulinzi wote huamka. Kaitini, basi, ni sare inayomfichua fangasi. Naye hahangaiki kuivua sare nzima, ananyofoa beji tu.

Beji hizo ni asetili. Kaitini ni mnyororo mrefu wa sukari, na karibu kila sukari imebeba kikundi kidogo cha asetili kilichoshikamana na naitrojeni. Kimeng'enya kiitwacho kaitini diasetilesi, ambacho kwa kawaida hutumia atomu ya zinki kufanya kazi yake, huuvunja muungano huo kwa kutumia maji. Asetili huondoka, mnyororo hubaki mzima, na kilichobaki ndicho kaitosani. Kaitini haiyeyuki majini wala kwenye siki. Kaitosani huyeyuka kwenye asidi nyepesi, na ikiyeyuka huwa na chaji chanya, kwa hiyo hunata kwenye kila chenye chaji hasi: ukuta wa bakteria, chembe za udongo kwenye maji machafu, hata chembe za damu. Vile vimeng'enya vya mmea vilivyozoea kukata kaitini huihangaikia kaitosani bila mafanikio makubwa. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba nyuzi za fangasi wa kutu ya shina la ngano na wa chule ya mahindi zikiwa juu ya jani zina kaitini wazi, lakini zikishapenya ndani huonyesha kaitosani.

Binadamu alifika hapo kwa mabavu. Mfaransa Henri Braconnot aliipata kaitini kwenye uyoga mwaka 1811, na mwaka 1859 Charles Rouget akaichemsha kwenye potashi kali, akapata kitu kinachoyeyuka kwenye asidi. Ilibidi kusubiri hadi 1974 ndipo Wajapani Araki na Ito walipotangaza kwamba fangasi Mucor rouxii ana kimeng'enya cha kazi hiyo hiyo, bila moto wala potashi.

Viwanda vingi bado vinafuata njia ya Rouget. Maganda ya kamba na kaa huloweshwa kwenye asidi ya haidrokloriki ili chokaa itoke, yakatiwa kostiki nyepesi kuondoa protini, kisha huchemshwa kwa saa kadhaa kwenye kostiki ya asilimia 40 hadi 50, joto likifika nyuzi 100 au zaidi. Aliyewahi kupika sabuni ya mche anajua kostiki inavyoifanya ngozi ya mkono. Fikiria mapipa yake yakimwagwa mtoni. Tena kostiki hukata minyororo na kunyofoa asetili ovyoovyo. Kimeng'enya hufanya kazi kwenye nyuzi 50 au 60 na kina mpangilio wake. Kile cha Mucor huanzia ncha moja ya mnyororo na kuufuata sukari kwa sukari, wakati kile cha chule ya maharage hunyofoa hapa, kikaachia, kikashika kwingine. Asetili zilizosalia zimekaa wapi ni jambo lenye uzito, kwa sababu mimea na seli zetu huusoma mpangilio huo.

Mbona basi viwanda havijahamia huko? Kwa sababu kaitini ya asili imebanana mno, na kimeng'enya huambulia kugusa juu juu. Kwa maoni yangu, nafasi yake ya karibu ni kumalizia kazi: kostiki itangulie, kimeng'enya kipange asetili zinazobaki. Soko lipo. Bandeji za kaitosani za kuzuia damu ziliidhinishwa Marekani mwaka 2002 na kutumiwa na wanajeshi vitani. Karibu na kwetu, mwaka 2022 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya kaitini na kaitosani zilizotolewa kwenye magamba ya pupa wa nzi askari mweusi, zilizojaribiwa dhidi ya mnyauko bakteria wa nyanya. Mkoa kama Songwe, usio na bahari wala kamba, unaweza kufuga nzi.

Ila kimeng'enya hiki kina mteja mwingine mbaya kuliko chule. Cryptococcus neoformans huishi kwenye udongo wenye kinyesi cha njiwa na kwenye magogo yanayooza. Mtu huvuta spora zake kwa pumzi. Kinga ya mwili ikiwa imeshuka kwa sababu ya VVU, fangasi huyu hupanda hadi kwenye utando wa ubongo: kichwa kinauma kwa siku nyingi, homa, kutapika, macho kuona ukungu. Ana vimeng'enya vitatu vya kutengeneza kaitosani. Timu ya Jennifer Lodge huko St. Louis, Marekani, ilipofuta jeni zote tatu, fangasi alishindwa kustahimili kwenye mapafu ya panya, na mwaka 2016 timu hiyo ikaonyesha kwamba panya waliopewa fangasi huyo dhaifu walikingwa dhidi ya yule mkali. Binadamu hatutengenezi kaitosani, kwa hiyo dawa ya kukizuia kimeng'enya hiki ina nafasi nzuri ya kumpiga fangasi bila kutugusa sisi.

Dawa hiyo haijafika hospitalini. Kinachookoa watu sasa ni kipimo cha damu kinachotafuta sukari ya gamba la nje la fangasi huyu kabla kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, miji iliyoungwa na barabara ipitayo Tunduma, ulichapishwa mwaka 2015: kati ya watu 1,999 wenye VVU waliochelewa kuanza dawa, waliopimwa hivyo na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo walikufa kwa asilimia 28 pungufu kuliko waliopata huduma ya kawaida.