Je, Wajua? Nyoka Anayelala Chini ya Tandiko Lake

Boa wa mchangani, Eryx colubrinus, ni nyoka mfupi mnene asiye na sumu. Makazi yake ya asili yanajumuisha nchi kavu za Misri, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na leo anafugwa majumbani Ulaya na Marekani. Macho yake yamekaa karibu na utosi, hivyo hujifukia mwili mzima, akabakiza macho nje akingoja panya au mjusi apite. Wageni wanaokuja kumtazama mara nyingi huonyeshwa mchanga mtupu.

Ukimtandikia magazeti ataishi, lakini atashinda amejibanza chini ya karatasi. Wafugaji wengi humwekea maranda ya mti wa aspeni, kina cha kama sentimita 10, ambayo hushikana akichimba. Maranda ya mwerezi hayafai kabisa: mafuta yale yale yanayonukia vizuri kabatini humdhuru mapafu. Tandiko likikaa na unyevu, magamba ya tumbo huanza kuoza.

Kinachosahaulika zaidi ni joto. Porini jua likichoma, nyoka huzama chini kutafuta ubaridi. Ndani ya tangi mambo ni kinyume: mkeka wa umeme huwekwa chini ya sakafu, kwa hiyo kadiri anavyochimba kulikimbia joto ndivyo anavyolisogelea. Bila kifaa cha kudhibiti joto, ambacho kihisio chake hupachikwa pale chini nyoka anapolala, anaweza kuungua tumbo huku maranda ya juu yakiwa baridi.